Pima Kila Kitu, au Pima Unachokishuku?

Mtu mzima asiye na lalamiko lolote anatoa damu na mkojo. Baadaye anakabidhiwa karatasi yenye mistari ishirini: sukari, urea, kreatinini, sodiamu, potasiamu, kalsiamu, bilirubini, vimeng'enya vya ini, lehemu na vingine. Mistari kumi na tisa haina neno. Mmoja umewekewa herufi H, kuonyesha kwamba namba imevuka mpaka wa juu. Kuanzia hapo hata madaktari hawakubaliani. Wapo wanaosema afadhali imejulikana mapema, sasa tuendelee kuchimba. Wapo wanaosema kipimo hicho hakikuwa na sababu ya kufanyika tangu mwanzo.

Ubishi huu si mgeni, ila umepamba moto tangu vifurushi vya kupima mwili mzima vilipoanza kuuzwa moja kwa moja kwa watu wazima wa afya. Mimi naegemea upande wa pili, lakini si kwa watu wote, na si kwa sababu zinazotajwa sana. Upande wa kwanza una hoja nzito ambazo wapinzani wake huziruka haraka mno.

Kwa muda mrefu kupima kemia ya mwili ilikuwa kazi ya mikono. Mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa London, alihusisha uvimbe wa mwili na figo zilizoharibika na mkojo wenye albumini, aina ya protini ya damu. Mkojo ulichemshwa ndani ya kijiko juu ya mshumaa, na ukiganda, jibu limepatikana. Mwaka 1886 Max Jaffe alieleza jinsi kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, inavyotoa rangi ya chungwa ikichanganywa na asidi ya pikriki, na maabara nyingi zinautumia mmenyuko huo mpaka leo, pamoja na kasoro zake. Kila kipimo kilikula muda wa mtu, hivyo aliyekiomba alilazimika kufikiri kwanza. Kisha mwaka 1957 ikaingia sokoni AutoAnalyzer, mashine iliyobuniwa na Leonard Skeggs na kuuzwa na kampuni ya Technicon. Sampuli zilipita mfululizo ndani ya mirija, zikitenganishwa na viputo vya hewa. Muongo uliofuata matoleo mapya yalikuwa yanapima vitu kumi na viwili kwa mkupuo. Ikawa rahisi kupima vyote kuliko kuchagua kimoja, na swali la “tunatafuta nini?” likageuka kuwa la hiari.

Kilichoipata kalsiamu ni somo zuri. Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, parathairoidi, zinazodhibiti kiwango cha kalsiamu katika damu. Ugonjwa wa tezi hizo kufanya kazi kupita kiasi ulijulikana kwa mawe ya figo na mifupa iliyopungua nguvu, na ulihesabiwa kuwa adimu. Katika miaka ya 1970 kalsiamu ilianza kupimwa kwa kila aliyetoa damu, na huko Rochester, Minnesota, idadi ya waliogunduliwa kuwa na ugonjwa huo iliruka mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Ugonjwa wenyewe haukuwa umelipuka. Wengi wa wagonjwa hao wapya hawakuwa na dalili yoyote.

Watetezi wa kupima kwa upana huisoma habari hii na kusema: tazameni wangapi waliishi bila kujua. Wapinzani huisoma hiyo hiyo na kusema: tazameni wangapi waligeuzwa wagonjwa. Wote wana haki. Baadhi ya watu hao mifupa yao ilikuwa inadhoofika kimyakimya. Wengine waliishi miaka mingi na kalsiamu iliyopanda kidogo bila kupata hata jiwe moja. Ndiyo maana miongozo ya sasa haimpeleki kila mmoja kwenye upasuaji, bali huangalia umri, kalsiamu imepanda kiasi gani, figo zikoje na mifupa ina uimara gani. Mashine ilitoa namba kwa siku moja. Kujua la kufanya nayo kulichukua miongo.

Tuje kwenye neno “kawaida”, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa vipimo vingi, mipaka inayochapwa pembeni mwa namba hupatikana hivi: wanachukuliwa watu wanaohesabiwa kuwa wazima, inashauriwa wasipungue 120, wanapimwa, matokeo yanapangwa kuanzia la chini hadi la juu, halafu inakatwa asilimia 2.5 kila ncha. Kinachobaki katikati, asilimia 95, ndicho “kawaida”. Maana yake ni kwamba mmoja kati ya kila watu ishirini wazima ameshawekwa nje ya mpaka kwa hesabu tu, kabla ya ugonjwa wowote kutajwa. Chukua sasa vipimo ishirini visivyotegemeana. Uwezekano wa mtu mzima wa afya kutoka bila doa kwenye vyote ni karibu asilimia 36. Waliobaki, takriban asilimia 64, wataondoka na angalau herufi moja ya kuwanyima usingizi. Vipimo halisi huenda pamoja kwa kiasi fulani (urea na kreatinini kwa mfano), kwa hiyo namba ya kweli iko chini kidogo ya hapo, lakini haiko chini kiasi cha kubadilisha hoja.

Kuna mipaka mingine isiyo ya namna hiyo kabisa. Sukari ya 7.0 mmol/L kabla ya kula, au HbA1c (kipimo cha sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita) ya asilimia 6.5, haikuwekwa kwa kukata ncha za watu wazima. Iliwekwa kwa sababu kuanzia hapo madhara ya kisukari, hasa kwenye macho, huanza kuonekana wazi. Ni mpaka wa uamuzi. Karatasi ya majibu huichapa aina zote mbili kwa wino uleule, kwenye safu ileile, bila kumwambia msomaji ipi ni ipi. Kwangu hilo ni kosa la wachapaji wa karatasi kuliko la mgonjwa anayeogopa.

Bilirubini nayo ina watu wake. Katika hali iitwayo Gilbert, ini huchelewa kidogo kuichakata, na inapanda mtu anapofunga au anapougua mafua. Hali hiyo hupatikana kwa asilimia kadhaa ya watu na haina madhara. Mtu wa Gilbert anayeingia kwenye kifurushi cha vipimo ishirini anaweza kutoka na rufaa ya ultrasaundi, vipimo vya homa ya ini na wiki kadhaa za kujiuliza kama ini lake linakufa. Mwaka 1972 daktari Mercer Rang aliupa mzunguko huu jina la Ulysses, yule shujaa wa Wagiriki aliyetangatanga miaka mingi kabla ya kufika nyumbani: mgonjwa anazungushwa kipimo baada ya kipimo na mwisho anarudi alipoanzia, mzima kama alivyokuwa.

Lakini hoja ya hesabu ina ncha ya pili, na inafaa kuifuata hadi mwisho. Tuseme kipimo kinawanasa wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawaachia wazima 95 kati ya 100. Kwa masikio ya wengi hicho ni kipimo kizuri. Kipeleke kwa watu 10,000 ambao mmoja katika mia ndiye mgonjwa. Wagonjwa ni 100, kitawanasa 90. Wazima ni 9,900, na kitawashika kimakosa 495. Kati ya watu 585 walioambiwa “kipo”, wenye ugonjwa kweli ni asilimia 15 hivi. Sasa kipeleke kipimo kilekile, mashine ileile, kwa watu 10,000 waliochujwa na daktari kwa dalili na historia, ambao 30 katika mia ni wagonjwa. Kitanasa 2,700 kwa haki na 350 kimakosa. Jibu la “kipo” sasa ni kweli kwa karibu asilimia 89. Kilichobadilika ni sababu ya kupima tu.

Wanaotaka kupima kwa uangalifu huishia hapa na kuona wameshinda. Hawajashinda, na mtoto mchanga ndiye anayewasuta.

Mwaka 1934 daktari na mwanakemia wa Norway, Asbjørn Følling, aliletewa watoto wawili wa mama mmoja, wote wenye ulemavu wa akili, na mama huyo alikuwa ameona kwamba mkojo wao una harufu ya ajabu. Følling alidondoshea mkojo kloridi ya feri, akaona rangi ya kijani ambayo hakuitarajia. Kutokana na rangi hiyo akafika kwenye ugonjwa tunaouita fenilketonuria: mwili unashindwa kuvunja asidi-amino moja ya kwenye protini, nayo inajikusanya na kuharibu ubongo. Miaka ya 1960 Robert Guthrie akaonyesha kwamba tone la damu kutoka kisigino cha mtoto, likikaushwa kwenye karatasi, linatosha kuugundua kabla ubongo haujaguswa. Mtoto akianzishiwa mapema chakula chenye kiasi kidogo cha asidi-amino hiyo, anakua vizuri.

Ugonjwa huu ni adimu. Hata kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambako uko zaidi, ni mtoto mmoja kati ya maelfu mengi. Kwa hesabu niliyotoa hapo juu, majibu mengi ya kwanza yanayosema “kipo” yatakuwa ya uongo. Na bado hakuna mtu makini anayesema watoto wachanga wasipimwe. Kwa nini? Kwa sababu kinachofuata jibu baya kinajulikana na ni chepesi: damu inachukuliwa tena, jibu la uongo linafutwa upesi, na la kweli lina tiba inayofanya kazi, tena yenye muda wa mwisho. Ukichelewa, mlango umefungwa. Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani masharti ya kuchunguza watu wasio na dalili, na ukiyasoma utaona kwamba usahihi wa kipimo ni sharti moja tu kati ya mengi. Mengine yanahusu tiba, njia ya kufikia uhakika na uwezo wa kuwahudumia watakaopatikana.

Hapo ndipo penye uamuzi, kwa maoni yangu. Uadimu wa ugonjwa peke yake haukatazi kupima, na urahisi wa kipimo peke yake hauruhusu. La kuangalia ni safari inayoanza baada ya karatasi kutoka: je, iko wazi, ni fupi, na mwishoni kuna kitu cha kumpa mtu?

Kwa kigezo hicho, figo zinapita bila shida. Kreatinini inaweza kubaki ndani ya mipaka huku karibu nusu ya uwezo wa figo umeshapotea, na mwenye figo hizo asihisi chochote. Kwa mwenye kisukari, albumini kidogo kwenye mkojo huonekana mapema zaidi ya hapo. Stripu ya kawaida, kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, huikosa, inatakiwa ipimwe kwa uwiano wake na kreatinini ya mkojo. Dawa za kuchelewesha uharibifu huo zipo. Kwa hiyo mwenye kisukari au presha anayepimwa figo kila mwaka, hata kama anajisikia vizuri kabisa, hapimwi ovyo. Hana dalili lakini ana sababu, na watu wa upande wangu huwa wanayachanganya mawili hayo.

Ushahidi wa vifurushi vyenyewe, kwa wasio na dalili wala sababu, ni dhaifu kuliko wauzaji wanavyodokeza. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 17 ya uchunguzi wa jumla wa afya, yenye watu 251,891. Hayakuona kwamba walioitwa kupimwa walikufa wachache kuliko wasioitwa, si kwa ujumla wala kwa saratani. Jaribio kubwa la Inter99 la Denmark, lililohusu watu wapatao 60,000, lilifuatilia kwa miaka kumi na halikuona tofauti kwenye ugonjwa wa moyo, ingawa walioitwa walipimwa na kushauriwa kwa miaka mitano.

Haya yana uzito. Ila yasinyooshwe kupita urefu wake. Majaribio mengi kati ya hayo yalianza kabla ya dawa nzuri za lehemu na presha kuenea. Tena yalifanyika katika nchi ambazo mtu ana daktari wake, na daktari huyo hupima anayemshuku. Kundi lililolinganishwa halikuwa la watu wasiopimwa, lilikuwa la watu waliopimwa kwa sababu. Tume ya jarida la Lancet kuhusu uchunguzi wa magonjwa ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 47 ya watu duniani wana njia finyu au hawana kabisa njia ya kufikia vipimo. Ukichukua matokeo ya Denmark ukamwambia mtu wa kundi hilo kwamba kupima sukari ni anasa, umetumia ushahidi mahali usipohusika. Orodha ya vipimo muhimu ambayo Shirika la Afya Duniani ilitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2018 ina vitu vya kawaida kabisa: sukari, kreatinini, stripu ya mkojo. Tatizo la kupima kupita kiasi na tatizo la kutopima hukaa katika dunia moja, wakati mwingine katika jengo moja, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

Pande zote mbili zina jambo moja wanalolisahau, na wafanyakazi wa maabara hulalamikia kila siku: namba huharibika kabla ya kufika kwenye mashine. Tafiti za makosa ya maabara zimekuwa zikirudia kwamba zaidi ya nusu hutokea kabla ya upimaji wenyewe, wakati wa kumtambua mgonjwa, kutoa damu, kuihifadhi na kuisafirisha. Potasiamu ndiyo msumbufu mkubwa. Ndani ya seli imo kwa wingi unaozidi ule wa kwenye majimaji ya damu kwa zaidi ya mara ishirini. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au mrija ukitikiswa, seli zinapasuka na potasiamu inamwagika. Mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi mpaka mshipa utokeze, inapanda pia. Damu iliyowekwa kwenye mrija wa kofia ya zambarau kisha ikahamishiwa kwenye mwingine hubeba dawa ya kuzuia kuganda, ambayo ni chumvi ya potasiamu na inayoshika kalsiamu. Mtaalamu mzoefu akiona potasiamu imepaa na kalsiamu imeporomoka karibu na sifuri kwa mtu anayetembea na kucheka, hamwiti daktari wa moyo. Anaomba damu nyingine.

Sukari huenda upande mwingine. Seli za damu zinaendelea kula hata zikiwa ndani ya mrija, na sukari inapungua takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa damu isipotenganishwa. Sampuli iliyokaa asubuhi nzima ikisubiri usafiri inaweza kumpa mwenye kisukari cheti cha uzima. Bilirubini huharibiwa na mwanga. Mazoezi makali ya jana hupandisha AST na CK, vimeng'enya vilivyomo pia kwenye misuli, na mtu akaambiwa ini lina shida wakati aliyechoka ni msuli. Mlo wa nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Na ule mmenyuko wa Jaffe huchanganywa na ketoni, kemikali zinazotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, hivyo mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa kwa ketoni anaweza kuonyesha figo mbaya kuliko alizo nazo. Kwenye vipimo vya homoni na vya moyo kuna baiotini, vitamini ya nywele na kucha: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dozi kubwa ya vitamini hiyo huvuruga baadhi ya vipimo, ikiwemo troponini, protini ya msuli wa moyo, ambayo inaweza kusomeka chini na kuficha shambulio la moyo.

Kwa nani inahesabika hoja hii? Kwa juu juu ni ya upande wangu: ukiongeza vipimo ishirini juu ya mfumo dhaifu wa kubeba sampuli, umeongeza milango ishirini ya uongo. Lakini inawapa nguvu pia wanaosema jibu moja lisiaminiwe, lirudiwe. Kwa kisukari kisicho na dalili kanuni ndiyo hiyo: jibu la pili linatakiwa kabla ya mtu kubatizwa jina la ugonjwa.

Kuna hoja moja ya watetezi wa kupima ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote, na ajabu ni kwamba matangazo yao hayaitaji. Kwa vitu vingi, mtu hutofautiana na nafsi yake kidogo sana kuliko anavyotofautiana na watu wengine. Kreatinini ya mtu mmoja hutikisika asilimia chache tu toka wiki hadi wiki. Ikitoka 70 ikafika 100 mikromoli kwa lita kwa mwanamume, namba zote mbili zinaweza kuwa ndani ya mipaka, karatasi isiandike herufi yoyote, na figo zikawa zimepoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Aliyehifadhi jibu lake la miaka mitatu iliyopita ataliona. Asiye nalo hataliona. Kwa hiyo kipimo kimoja cha msingi, cha vitu vichache, kikitunzwa, kina thamani ambayo majaribio ya vifo hayakuundwa kuipima. Lakini angalia hoja hii inahitaji nini: kumbukumbu, maabara inayotumia njia ileile, na mtu wa kulinganisha. Kifurushi kinachochapwa, kinasomwa mara moja na kupotelea kabatini hakitoi hata kimoja kati ya hivyo. Trigliseridi, aina ya mafuta ya damu, zenyewe hazifai sana kwa mchezo huu, maana hucheza kwa asilimia 20 hivi kwa mtu yuleyule asiyebadili chochote.

Mkojo una kesi yake, na hapa sina simile kubwa na wapimaji. Stripu ni kifaa cha ajabu. Tangu Alfred na Helen Free walipoleta stripu ya sukari ya kuchovya na kusoma mwaka 1956, sasa kijiti kimoja kinaangalia sukari, protini, damu, ketoni, seli nyeupe na naitraiti kwa dakika mbili. Urahisi huo ndio ulioiharibu. Bakteria wanaweza kuishi kwenye mkojo wa mtu bila kumdhuru, hasa kwa wanawake na wazee, na stripu itawaka. Miongozo ni ya wazi: bakteria wasio na dalili hutafutwa na kutibiwa kwa wajawazito na kwa wanaokaribia upasuaji fulani wa njia ya mkojo. Kwa watu wazima wengine karibu wote, kuwatibu hakusaidii, kunazalisha usugu wa dawa tu. Hata hivyo mtu anayepima mkojo kwa ajili ya kuumwa kichwa anatoka na antibiotiki na jina la UTI. Mkojo uliokusanywa ovyo huleta seli na bakteria wa nje ya kibofu. Kinyume chake, vitamini C nyingi inaweza kuficha damu na sukari, na naitraiti haitokei kama mkojo haukukaa kibofuni kwa saa kadhaa. Sioni sababu ya stripu kupimwa kwa kila anayepita mlangoni asiyekuwa mjamzito, mwenye kisukari, mwenye presha au mwenye dalili.

PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, imejadiliwa sana mahali pengine, nitaigusa tu. Majaribio mawili makubwa yalichapishwa mwaka 2009, la Ulaya likaona vifo vinapungua kidogo, la Marekani halikuona. Jopo la Marekani la huduma za kinga lilishauri isipimwe mwaka 2012, kisha mwaka 2018 likalegeza: wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuelezwa. Kubadilika huko ni jambo la haki. Kupimwa bila kuelezwa, ndani ya kifurushi, ndiko kusiko na mtetezi upande wowote.

Thairoidi iko karibu na hapo. TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, ikipanda kidogo kwa mzee huku homoni ya thairoidi yenyewe ikiwa sawa, kwa miaka mingi ilimletea dawa ya kila siku. Jaribio la TRUST la mwaka 2017, lenye wazee 737, halikuona dawa hiyo ikiwapunguzia dalili wala uchovu.

Tufanye nini basi? Wapo wanaotaka vifurushi vipigwe marufuku. Siungi mkono. Damu ni ya mtu mwenyewe, na wapo waliogundua kisukari chao kwa njia hiyo kwa sababu njia nyingine hawakuwa nayo. Ningeanza na mambo madogo yasiyohitaji sheria. Fomu ya kuomba kipimo iwe na mstari wa sababu, na mstari huo usiachwe wazi. Anayesoma namba bila kujua kama mgonjwa ana kiu kali au alitoka mazoezini anasoma nusu ya jibu. Maabara iruhusiwe kupima kwa hatua: TSH kwanza, homoni nyingine zifuate tu kama TSH imetoka nje ya mpaka, kwa sampuli ileile, bila mgonjwa kurudi. Iruhusiwe pia kukataa marudio yasiyo na maana. HbA1c hubeba habari za miezi miwili hadi mitatu; anayeiomba tena baada ya wiki mbili kuona kama dawa imefanya kazi atapata namba, lakini namba hiyo haitamjibu. Na karatasi itofautishe mpaka wa takwimu na mpaka wa uamuzi, hata kwa nyota tu.

Kwa wauza vifurushi ningeweka sharti moja. Jibu lolote watakalolitia herufi, wawajibike nalo: damu irudiwe kwa bei iliyokwisha kulipwa, na mtu mwenye taaluma azungumze na mteja kabla hajatumwa kwingine. Sasa hivi anayeuza kifurushi anapata faida ya vipimo ishirini, na gharama ya herufi H inabebwa na kliniki nyingine, daktari mwingine na mteja. Wakibebeshwa gharama hiyo wao wenyewe, nadhani vifurushi vya vipimo ishirini vitapungua kwa hiari hadi vitano au sita, na hivyo vitano vitakuwa karibu na vile ambavyo daktari mwangalifu angevichagua.